Kiu ya Nairobi Ilianza na Reli

Kila mara maji yakipotea Nairobi, kuna sentensi moja ambayo lazima uisikie: "Si mmejazana huku?" Mwenye nyumba atakwambia. Mzee wa baa atakwambia. Mgeni wa redio asubuhi ataisema kwa Kiswahili kizuri zaidi, lakini ni ile ile. Ati tumekuja wengi kuliko mito inavyoweza kubeba, kwa hivyo tutulie na mitungi yetu.

Hiyo sentensi imenichosha. Si uongo wote, kwa sababu kweli tuko wengi, ila inafanya kiu ionekane kama hali ya anga. Nimekaa miezi kadhaa nikisoma historia ya maji ya hili jiji (niliacha chuo mwaka wa pili, lakini kusoma sikuacha), na ninachoona ni tofauti. Kwa zaidi ya miaka 120, kila Nairobi ikiona kiu, imefanya jambo moja: imeenda mbali zaidi kutafuta mto mwingine. Swali la nani anafikiwa na bomba likija, hilo limeachwa pale pale Mwingereza alipoliacha.

Tuanze na jina. Enkare Nairobi ni Kimaasai, mahali pa maji baridi. Wamaasai walinywesha ng'ombe hapa kabla ya mtu yeyote kupiga ramani. Mwaka 1896 sajini mmoja wa jeshi la Uingereza, George Ellis, alifungua kambi ndogo ya wanyama wa mizigo kwenye hii tambarare. Reli ikafika mwaka 1899, kama maili 327 kutoka Mombasa. Wahandisi walipenda hapa kwa sababu tatu: ardhi tambarare ya kupanga karakana, nafasi ya kujipanga kabla ya kushuka Bonde la Ufa, na maji. Kumbuka hizo zilikuwa injini za mvuke. Bila maji haziendi popote.

Hapo mimi husimama kidogo. Mteja mkubwa wa kwanza wa maji ya Nairobi hakuwa binadamu, alikuwa gari la moshi. Ni reli iliyoleta bomba la kwanza, kutoka chemchemi za Kikuyu, upande wa kinamasi cha Ondiri, katika miaka ya kwanza ya karne ya 20. Lilihudumia reli yenyewe na makao ya wakubwa wake. Wengine walijitafutia mtoni. Na hizo chemchemi bado zinatumika hadi leo, lita kama milioni 4 kwa siku, tone tu kwa jiji la sasa.

Kile kitu kilichopanga mitaa yetu kwa kweli ni ugonjwa. Mwaka 1902 tauni iliingia soko la Wahindi. Soko lilikuwa limebanana, limejaa takataka, maji safi hakuna, mitaro hakuna. Suluhisho la wakubwa likawa kiberiti: soko likachomwa. Tauni ikarudi miaka iliyofuata, na mwaka 1913 mtaalamu aliyeitwa Profesa Simpson akaandika ripoti akipendekeza jiji ligawanywe kwa rangi, eti kwa ajili ya afya. Unaona mantiki yake? Mtu anaugua kwa kukosa maji na mtaro, halafu dawa inakuwa kumhamisha akae mbali na wale walio navyo.

Basi ikawa hivyo. Wazungu wakachukua vilima vya magharibi na kaskazini, udongo mwekundu, juu, hewa safi. Waasia wakapata Ngara na Parklands. Mwafrika akapelekwa mashariki, kwenye udongo mweusi ule unaoshika gumbuti wakati wa mvua. Pumwani ikapangwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Baadaye zikaja Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni na nyingine. Ukitembea kwenye estate za zamani za Eastlands leo bado utaona mpango wenyewe: chumba kimoja, na nje bomba la pamoja na choo cha pamoja. Serikali haikuwa imesahau kuweka bomba ndani. Mpango wake ulimhesabu Mwafrika kama kibarua asiye na familia, mtu wa kitanda kimoja, atakayefanya kazi miaka michache kisha arudi kwao. Mke, watoto, nguo za kufua, sufuria za kuosha, hivyo vyote vilikuwa vya kijijini. Mtu wa kitanda kimoja anahitaji ndoo ngapi?

Nakuomba ushike hilo wazo, la mtu anayepita tu. Ndilo nitakalorudi kwake.

Jiji likakua. Mwaka 1906 lilikuwa na watu kama 11,500, na kufikia hesabu ya 1948 walikuwa kama 119,000. Chemchemi za Kikuyu zikashindwa, kwa hivyo wakaenda Ruiru, wakajenga bwawa lililoanza mwisho wa miaka ya 1930. Ruiru ikashindwa, wakapanda hadi Nyandarua, kwenye miteremko ya Aberdare, wakajenga Sasumua. Ilikamilika mwaka 1956.

Angalia huo mwaka. Ni wakati wa Hali ya Hatari. Aprili 1954 jeshi lilikuwa limezingira Nairobi kwa Operesheni Anvil na kubeba maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru hadi kambi za kizuizini. Yaani katika miaka ile ile jiji lilikuwa linateremsha maji kutoka milima ya Aberdare na kuwatoa mjini watu waliotoka pande hizo hizo. Sijaona kitabu cha shule kinachoweka hivyo vitu viwili kwenye ukurasa mmoja.

Na kuna kituko kingine cha kipindi hicho. Bwawa la Nairobi, lile la karibu na Kibra na Lang'ata, lilijengwa mwaka 1953 liwe akiba ya dharura ya maji ya kunywa. Ndiyo, ya kunywa. Kulikuwa na klabu ya mashua za tanga pale. Leo lina magugumaji na takataka, na ukimwambia mtoto wa Kibra kwamba hiyo ilikuwa akiba ya maji ya jiji ataangalia kama umevuta kitu. Bwawa liko pale pale. Mtaa uliokua juu yake haukuwekewa mitaro wala vyoo vya maana, kwa hivyo kila kitu kikashukia huko.

Uhuru ukaja. Ile sheria ya kuzuia Mwafrika kuingia mjini ikaanguka, na watu wakaja, kwa sababu kazi zilikuwa huku. Hesabu ya 1969: watu 509,286. Ya 1979: 827,775. Ya 1989: 1,324,570. Baraza la jiji likafanya ile kazi ambayo lilikuwa limeizoea, likaenda mto mwingine, safari hii Chania, na kiwanda kikubwa cha kusafisha maji kikajengwa Ng'ethu kuanzia miaka ya 1970. Ng'ethu ndiyo inayotuweka hai hadi leo, sehemu kubwa ya maji ya Nairobi inapita pale.

Halafu mwaka 1983 serikali ikavunja baraza na kuweka tume ya kuteuliwa. Hiyo tume ilikaa hadi 1992. Karibu miaka kumi, jiji linakua kwa kasi ya ajabu na hakuna diwani hata mmoja wa kumfuata na kumuuliza mbona bomba la Mathare halijawekwa. Sipendi kusifu makanjo wa zamani, walikuwa na yao, lakini angalau ulijua mlango wa kugonga.

Mwisho wa kipindi hicho ndipo lilipojengwa lile bwawa kubwa, Ndakaini, kule Gatanga, Murang'a. Lilikamilika mwaka 1994. Lina uwezo wa kushika lita bilioni 70. Ni kazi kubwa, sikatai, na bila Ndakaini tungekuwa tumehama zamani.

Lakini fanya hesabu nami. Baada ya 1994, chanzo kikubwa kilichofuata cha maji ya Nairobi kilianza kufanya kazi lini? 2022. Miaka 28. Kati ya hapo watu walitoka milioni 2.1 (1999) wakafika 3.1 (2009), wakafika 4,397,073 (2019). Ukiwa umezaliwa Nairobi kama umri wangu, umekulia maisha yako yote kwenye hilo pengo. Wazazi wetu walipokuwa wanajaza ndoo usiku wa manane hawakuwa wanapitia "shida ya muda", kama tulivyoambiwa.

Mambo mengine ya miaka hiyo nitayapita haraka. Mvua kubwa za 2003 ziliharibu njia ya kumwaga maji ya ziada pale Sasumua na jiji likakaa na kiu kwa sababu ya mafuriko, ambayo ni Nairobi kabisa. Sheria ya Maji ya 2002 ikatoa maji mikononi mwa idara ya kanjo na kuyapa kampuni inayomilikiwa na jiji, ili iendeshwe kibiashara. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, ikasema kila mtu ana haki ya maji safi, salama na ya kutosha. Nimesoma hicho kifungu mara nyingi. Hakisemi chochote kuhusu Jumanne na Ijumaa.

Kwa sababu Januari 2017, mvua zikiwa zimekosa na Ndakaini limeshuka, kampuni ilitoa ratiba ya mgao. Mtaa huu siku hizi, mtaa ule siku zile. Iliambiwa ni ya muda. Ndakaini lilijaa tena baadaye, lakini mgao haukuondoka. Kwa miaka, takwimu zilizotajwa zilikuwa hizi: jiji linahitaji lita zaidi ya milioni 800 kwa siku, mabomba yanaleta kama milioni 525.

Suluhisho? Mto mwingine, bila shaka. Ile handaki ya Murang'a, Northern Collector, kilomita 11.8 chini ya ardhi, inayochota kwenye mito Maragua, Gikigie na Irati na kumwaga Ndakaini. Mwaka 2016 Raila Odinga alisema itageuza Murang'a jangwa, serikali ikakataa, watu wakabishana kwa mistari ya vyama kama kawaida, na ile hoja yenyewe ikapotea katikati. Handaki likaisha. Tangu 2022 linahesabiwa kuongeza lita milioni 140 kwa siku.

Sasa njoo kwenye hesabu ambayo ndiyo imenifanya niandike haya yote. Kwa miaka mingi, zaidi ya thuluthi moja ya maji yanayoingia kwenye mabomba ya Nairobi hayalipiwi. Kuna miaka yalikaribia nusu. Chukua ile thuluthi tu, nimekuwa mpole. Thuluthi ya milioni 525 ni milioni 175. Handaki lote, miaka yote ya kuchimba, deni lote la Benki ya Dunia, ni milioni 140.

Tulichimba mlima kuleta maji machache kuliko yale yanayopotea tayari tukiwa nayo.

Mtu atanijibu kwamba si yote yanamwagika chini. Ni kweli, na hapo ndipo utamu ulipo. Sehemu inavuja kwenye mabomba yaliyozeeka. Sehemu ni mita mbovu. Na sehemu inanywewa na mtu: imekatwa kwenye bomba kubwa usiku, ikapitishwa kwenye mipira ya plastiki ndani ya mtaro wa maji machafu, ikafika kwa tangi la mtu fulani, na kesho asubuhi inauzwa kwa mtungi. Kwenye karatasi hayo maji "yamepotea". Mtaani yanajulikana yako wapi na ya nani, na bei yake inajulikana.

Tuongee bei. Mtungi wa lita 20 ukiuzwa bob 5, lita 1,000 ni mitungi 50, yaani bob 250. Mgao ukikaza na mtungi ukafika bob 20, ni bob 1,000. Kuna wiki unafika 50, na hapo unalipa bob 2,500 kwa kile ambacho mtu mwenye bomba ndani ya nyumba na mita ya kampuni analipa sehemu yake ndogo sana. Mama wa Mukuru ananunua maji ghali kuliko balozi wa Muthaiga, na mama hata hana uhakika yametoka wapi. Vipindupindu vya 2015 na 2017 havikuanguka kutoka mawinguni.

Na siyo mitaa ya mabanda peke yake. Mimi nimepanga ghorofa ya nne Zimmerman. Maji yakija, yanakuja usiku kwa saa chache, na mwenye ploti amefunga bomba la chini kwa kufuli ili mitungi inunuliwe kwake. Kodi ilipanda mwaka jana na sababu aliyotupa ilikuwa "gharama ya maji". Tulicheka kwanza.

Ndiyo nakurudisha kwa yule mtu wa kitanda kimoja. Matangi makubwa ya jiji yako Kabete na Gigiri, juu, upande ule ule wa vilima. Maji yanateremka kutoka huko kuja mashariki. Mtaa ulio karibu na tangi unaguswa kwanza, na ulio mwisho wa bomba, Embakasi, Kayole, Mukuru, unapata kilichobaki, kama kimebaki. Mgao ukiwekwa juu ya mtandao wa namna hiyo, hata ratiba iwe ya haki kwenye karatasi, presha haifuati karatasi. Mitaa ya juu nayo ina mgao, sitadanganya. Ila huko mgao unamkuta mtu na tangi la lita elfu kumi, pampu na kisima. Huku unatukuta na mitungi sita chini ya kitanda.

Hivyo visima navyo vina historia. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ilitangaza Nairobi eneo la kulinda maji ya ardhini, kwa sababu ilishaonekana yanachotwa haraka. Tangu hapo tumechimba kama hakuna kesho, kila ghorofa mpya ya Kilimani na Kileleshwa na chake, na kina cha maji kinazidi kushuka. Ukiongeza floridi, ambayo imejaa kwenye visima vingi vya hapa, basi hata hicho kisima si kile kitu cha kujivunia kwenye tangazo la nyumba.

Kuna jambo moja lililonipa moyo kidogo, na ni dogo kweli. Mwaka 2015 kampuni ya maji iliweka mashine za kuuza maji Mathare, unaweka kadi, unachota, lita 20 kwa senti 50. Senti hamsini! Zilionyesha kwamba bei ya mtungi si lazima iamuliwe na mwenye mpira mrefu. Haikuhitaji mto mpya. Ilihitaji bomba halali lifike mahali ambapo kwa miaka mia moja lilikataa kufika. Lakini vioski na mashine havikatiwi utepe na rais. Bwawa linakatiwa. Nadhani hiyo ni nusu ya historia yetu ya maji: bwawa lina jiwe la kumbukumbu na picha za helikopta, na bomba lililotobolewa chini ya barabara ya Jogoo halina hata mpiga picha mmoja.

Na kule maji yanakotoka hawatushangilii. Familia zilihamishwa kupisha Ndakaini. Kuna vijiji Murang'a ambavyo bomba la Nairobi linapita na wao wanabeba ndoo. Gavana wao wa wakati huo, Mwangi wa Iria, alidai kaunti ipewe asilimia 25 ya mapato ya maji yanayoletwa Nairobi. Nairobi walimcheka. Mimi sikucheka, kwa sababu alichokuwa anauliza ni kile kile ninachouliza nikiwa Zimmerman: haya maji yanapita kwangu yakienda kwa nani?

Wakianza kuongea tena juu ya awamu ya pili ya handaki, mito mingine na mkopo mwingine, mimi nataka karatasi moja iwekwe mezani kwanza. Maji mangapi yanaingia kila mtaa, kila siku, kwa mita. Si kwa jiji zima, kwa mtaa. Haiwezekani tujue presha ya mafuta kwenye bomba la kutoka Mombasa na tusijue ya maji kutoka Gigiri hadi Kayole.

Wakati huo hawajaleta, tuanze wenyewe. Nitumie jina la mtaa wako, siku ambazo ratiba inasema maji yatakuja, siku ambazo yalikuja kweli, saa ngapi hadi saa ngapi, na bei ya mtungi wiki hii. Jina lako silihitaji, wala ploti yako. Nina mitaa 31 tayari. Kutoka Komarock na Mukuru kwa Njenga bado sina kitu.